Tulivyopimwa upya ili tufundishe sayansi Pate: mimi na umeme, Bwana Athman na somo la uzazi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, siyo jirani wala binamu wa jirani. Majina nimeyabadilisha kwa sababu kisiwa chetu ni kidogo. Mtu akipiga chafya Siyu, Faza wanamuombea rehema. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Mkiona mahali nimejipaka sifa, nikosoeni. Mahali nimejiaibisha, niacheni hivyo hivyo, nimeshazoea.

Tuanze.

Mimi ni mwalimu, Mkamba wa Mwingi. Chuoni nilisomea Biolojia na Kemia. Nilipoambiwa kazi yangu iko Pate nilidhani ni mtaa fulani wa Malindi. Nikaambiwa panda basi mpaka Mokowe, barabara ikiisha shuka, kisha uliza boti. Nilishuka Mokowe na begi, godoro na sufuria, nikaiangalia bahari kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtarajia.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Siku hizi naruka kwenye boti na kuku mkononi bila kulowa. Tuendelee.

Kwa wasiofuatilia mambo ya shule: zamani sayansi ilikuwa vyumba vitatu. Biolojia na mwalimu wake, Kemia na wake, Fizikia na wake. Mtaala mpya ukabomoa kuta. Kuanzia gredi ya saba mpaka ya tisa ni somo moja, Integrated Science, yote ndani. Na si kukariri tena. Mtoto anatakiwa aguse, ajaribu, akosee, aeleze kwa maneno yake.

Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kuta za mtaala zilibomolewa, zetu walimu zikabaki. Mimi bado nilikuwa na vyumba viwili tu kichwani.

Shuleni kwetu walimu wa sayansi ni wawili. Mimi, na Bwana Athman, mzaliwa wa hapa hapa, mtu wa Hesabu na Fizikia. Mpole, mrefu, suruali haina mkunjo hata mmoja. Tulikuwa tumegawana kimya kimya: viumbe hai na kemikali ni mimi, sumaku na umeme na nguvu ni yeye. Kengele ikilia tunapishana mlangoni. Ndoa nzuri kabisa ya kisayansi. (Mume wangu, kama unasoma hapa, ni ya kisayansi tu.)

Kisha habari ikaja: leseni nazo zinabadilika.

Yaani, kama viwango vya sayansi vimebadilika, basi na leseni ya anayeifundisha ibadilike. Anayetaka kuendelea na Integrated Science asome ile sehemu ambayo hakuisomea chuoni, kisha asimame mbele ya mkaguzi afundishe hiyo hiyo. Siyo ile anayoijua. Ile anayoikimbia. Ukifaulu, leseni yako inaongezewa mstari. Usipofaulu, unarudia. Ukishindwa tena, tafuta somo lingine.

Mwalimu mkuu wetu alituita ofisini akavua miwani.

"Nyinyi wawili ndio sayansi yote ya shule hii," akasema. "Mkianguka wote, gredi ya tisa nitawafundisha mimi. Na mimi ni mtu wa Kiswahili na Dini."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Wakuu, niwaambie ukweli kuhusu mimi na umeme. Nilipokuwa mdogo pasi ya nyanya ilinirusha mpaka nikaangusha kabati. Toka siku hiyo, swichi naibonyeza kwa kidole kimoja, mwili wote ukiwa umeshageukia mlangoni. Na mada niliyopangiwa kuifundisha mbele ya mkaguzi ilikuwa, mmeshajua, saketi rahisi ya umeme.

Nilipoiona nikakaa chini.

Bwana Athman akaniambia kwa sauti ya kunibembeleza, "Bi Mwende, ni seli mbili za tochi. Haziui hata mende."

"Wewe umepangiwa nini?"

Akatazama dirishani. Akasema kitu nisichosikia.

"Nini?"

"Uzazi," akasema. "Uzazi wa binadamu."

Masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Hapo nieleze, maana bara hamtaelewa. Bwana Athman hakuwa na shida na sayansi yenyewe. Shida ni kwamba gredi ya saba ile ina watoto ambao nusu yao ni ndugu zake. Pale mbele amekaa mtoto wa dada yake. Nyuma kuna mdogo wa mke wake. Na madrasa ya wasichana wote wale inaongozwa na Bi Rukia, ambaye ni mama wa mke wake. Mkwe wake wa haki. Mkwe ambaye Bwana Athman akimwona ndiani (njiani, kwa lugha ya huku) hugeuza njia, kwa heshima.

Sasa mtu huyo asimame aseme "mfuko wa uzazi" kwa sauti, watoto wakifika madrasa wamsimulie Bi Rukia: leo baba fulani ametufundisha hivi.

"Bora wangenipa kupasua papa," akasema.

Basi tukaamua kufundishana. Baada ya masomo tunabaki, saa moja yeye ananifundisha umeme, saa moja mimi namfundisha uzazi.

Masomo ya mtandaoni nayo yalikuwepo, lakini mtandao wa hapa hukaa juu ya tangi la maji la shule, haushuki. Mtanikuta mimi na simu nimepanda ngazi, nasikiliza mtu wa Nairobi akieleza mkondo wa umeme, na chini yangu watoto wanachota maji wakiniuliza, "Madam, unasali?"

Bwana Athman alikuwa mwalimu mzuri kuliko yule wa kwenye simu. Aliniambia, "Umeme ni mtu mvivu, Bi Mwende. Hupita ndia iliyo rahisi. Na ndia ikikatika mahali, hata padogo, haruki. Hurudi kulala."

Siku ya kwanza nilipowasha balbu kwa mkono wangu mwenyewe nilipiga kelele, mlinzi akaja mbio. Kelele za furaha, lakini ni kelele.

Yeye ndiye alikuwa mzigo. Michoro alichora vizuri, mtu wa Fizikia anachora. Lakini kusema, hapana. Alikuwa akifika kwenye neno lenyewe anakohoa. Nikamwambia, "Bwana Athman, huwezi kupewa leseni ya kukohoa."

Na huku nje mambo yakaanza kuchemka. Mama mmoja akasikia sokoni kwamba Mwalimu Athman atawafundisha wasichana "mambo ya watu wazima". Akamwambia mwingine. Kufikia Ijumaa maneno yalikuwa yamenenepa: eti kutakuwa na sinema. Tukasikia wazazi wanasubiri Bi Rukia aseme neno. Bi Rukia akikataa, siku ya mkaguzi darasa litakuwa na wavulana watupu, na labda mbuzi.

"Nenda kamuulize mkwe wako," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemwambia aende mwezini.

Nikaenda mimi.

Mimi, Mkristo wa Mwingi, nimejitanda leso, napiga hodi kwa mwalimu wa madrasa kumwombea ruhusa ya somo la uzazi. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi. Nilitayarisha moja nzuri sana yenye maneno "kwa kuzingatia maadili ya jamii".

Bi Rukia alikuwa sebuleni anasuka mkeka. Mwanamke mdogo wa umbo, sauti ya watu watatu. Akanikaribisha, akanipa kahawa na kaimati, akasubiri. Nikaitoa sentensi yangu.

Aliacha kusuka.

"Mwanangu," akasema, "hawa wasichana mimi ndiye niwasomeshao twahara. Hedhi, nifasi, kuoga janaba. Toka hawajavunja ungo. Mtoto ajuwe mwili wake waingia aje hedhini na watoka aje, ndipo sala yake iswihi. Leo mwaniletea khabari kama kwamba ni kitu kipya?"

Nikabaki na kaimati mdomoni.

"Na huyo mkwe wangu aona haya ya nini? Yeye ni mwalimu au ni bibi arusi?"

Nikajaribu kumtetea. Nikasema ni heshima.

"Heshima ni kusema jambo lilivyo na kulisema vizuri. Mwambie afundishe. Na mwambie asikohoe, maana nimesikia akohoa."

Sijui nani alimwambia. Pate, wakuu. Hata kikohozi kina masikio.

Nilipompa Bwana Athman ujumbe, aliweka uso wake kwenye viganja. Halafu akaanza kucheka. Toka siku hiyo hakukohoa tena.

(Narudi. Nilikuwa nimeitwa, samaki amefika mlangoni na hapa samaki hasubiri mtu amalize uzi.)

Siku ya mkaguzi ikafika.

Mkaguzi wetu nitamwita Madam Cherono, mtu wa kule juu kwenye baridi na maziwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda boti. Kutoka Mokowe boti hupita Mkanda, ule mfereji katikati ya mikoko, na Mkanda hupitika maji yakijaa tu. Maji yakitoka, unakaa ulipo, hata uwe waziri. Kwa hiyo walikuja mbio kuyawahi maji, na bahari ya nje siku hiyo ilikuwa na kisirani.

Alishuka amekuwa rangi ya muhogo uliomenywa. Mwalimu mkuu alikuwa ameandaa hotuba ya ukaribisho. Madam Cherono akanyanyua mkono mmoja, akasema, "Mwalimu, naomba kwanza kitu kisichosogea."

Tukampa kiti na tangawizi. Alipopata nguvu, akasema tuanze. Nikawa wa kwanza.

Wakuu, nilikuwa tayari. Meza sita, kila kundi na seli zake, waya, balbu na swichi ya kipande cha bati. Nilikuwa nimejaribu kila moja jana yake. Zote ziliwaka. Nikaeleza vizuri, mtu mvivu na ndia yake, watoto wakacheka mahali pa kucheka. Nikasema, "Sasa fungeni saketi zenu!"

Wakafunga.

Hakuna kilichowaka.

Meza ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Nikajua ni hewa ya chumvi, ncha za waya zilikuwa zimelala nje ya kopo ninamozihifadhi usiku kucha. Yaani sasa najua. Wakati ule sikujua. Nikatikisa balbu moja. Nikaipuliza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema "Yesu wangu" mbele ya darasa la Waislamu watupu, na mtoto mmoja kwa adabu kabisa akaitikia, "Amin, Madam."

Kisha nikasema neno ambalo nitazikwa nalo.

Nikasema, "Haya, tuchukulie kwamba imewaka."

Nikaendelea kufundisha. Nikawauliza watoto mwanga ule ni mkali au hafifu. Watoto wa Pate wana huruma, wakaniambia ni mkali sana. Mmoja akaziba macho.

Madam Cherono akaandika. Akaandika sana.

Baadaye aliniita kando. Hakunikaripia, na hilo ndilo liliuma. Akasema, "Mwalimu, zamani ungepita. Ulieleza vizuri na ubao wako ni msafi. Lakini viwango hivi vipya vinataka mtoto aone kitu halisi na ajiulize kwa nini. Ulipewa zawadi ya balbu sita zisizowaka na watoto arobaini wenye macho. Ukazifunika."

Rudia. Hilo ndilo neno aliloweka.

Nilienda nyuma ya choo cha walimu nikalia kidogo. Mtu mkubwa mzima. Kisha nikanawa uso nikarudi, kwa sababu zamu ya Bwana Athman ilikuwa imefika, na sasa sayansi yote ya shule ilikuwa imebaki juu ya mabega yake.

Wasichana walikuwa wamekuja wote.

Akaanza. Sauti ilitetemeka sentensi ya kwanza, ya pili ikanyooka. Alitaja kila kiungo kwa jina lake, bila kupunguza sauti, kama anavyotaja wenzo na kapi kwenye Fizikia. Wavulana wawili wakaanza kuchekacheka. Akawaambia, "Hapa ndipo mlipotoka nyinyi wawili. Chekeni, lakini kwa heshima." Wakatulia. Watoto walichora, waliulizana, walipangilia picha za mtoto anavyokua tumboni. Nilikuwa nimekaa nyuma nimesahau hata aibu yangu.

Somo lilikuwa karibu kwisha Somoe aliponyoosha mkono.

Somoe ni msichana mtulivu, wa kwanza kati ya mabinti watano. Baba yake, Bwana Omari, ni nahodha wa boti ya mizigo, mtu anayeheshimika. Na kila mtu mle darasani alijua maneno yaliyokuwa yakisemwa mjini: kwamba Bwana Omari ameposa mke wa pili huko Kiunga, kwa sababu mama Somoe "hana mtoto wa kiume ndani yake".

Somoe akasimama. "Mwalimu, mwanamke akizaa mabinti watupu, huwa ana ugonjwa gani?"

Wenzake wote wakamgeukia.

Wakuu, swali hilo halikuwa kwenye lesson plan. Jibu lake wanalipata madarasa ya mbele huko. Mkaguzi amekaa pale na kalamu. Baba wa mtoto ni mtu aliyemwona Bwana Athman akikua. Bwana Athman angeweza kusema, swali zuri, tutalifikia siku nyingine. Mimi ningesema hivyo. Mimi ningesema tuchukulie kwamba limejibiwa.

Yeye akaweka chaki chini.

"Hana ugonjwa wowote," akasema. "Kaa, nikuonyeshe."

Kwenye kona kulikuwa na debe la vifuniko vya soda anavyotumia kwenye Hesabu, vyekundu na vyeusi. Akachukua makopo mawili. La kwanza akatia vyekundu vitupu. La pili akatia vyekundu na vyeusi, nusu kwa nusu.

"Hili la vyekundu ni la mama. Hili la mchanganyiko ni la baba. Mtoto huchukua kimoja huku, kimoja huku. Vyekundu viwili ni msichana. Chekundu na cheusi ni mvulana. Haya, ndooni nyote hapa mbele mchukue."

Wakaja mmoja mmoja, macho yamefungwa. Wakatoka wasichana, wavulana, wasichana tena. Msichana mmoja alipata mabinti wanne mfululizo, darasa likapiga makofi.

Kisha akauliza, "Cheusi hutoka kopo gani?"

"La baba!"

"Mama anaweza kutoa cheusi?"

Somoe ndiye aliyejibu, polepole. "Hana. Hawezi kutoa asicho nacho."

"Na baba anachagua?"

"Hapana. Amefunga macho."

"Basi," akasema Bwana Athman. "Hakuna mgonjwa hapo. Hakuna mwenye kosa."

Kengele ikalia.

Madam Cherono alifunga karatasi zake, akasema atatoa matokeo ya Bwana Athman kabla ya kuondoka. Maji yalikuwa yameshatoka, boti imekaa kwenye matope, hivyo akalala kwangu. Tulipika wali wa nazi na hatukuzungumza habari za kazi, ila mara moja aliniuliza, "Yule baba wa yule mtoto ni mtu wa namna gani?" Nikajua naye ana wasiwasi. Mzazi akilalamika rasmi kwamba mwalimu ametoka nje ya somo na kuingilia nyumba ya mtu, mambo huwa marefu.

Asubuhi tulipofika shuleni Bwana Omari alikuwa tayari ameshafika. Kikoi, kofia, bakora mkononi. Amesimama katikati ya uwanja. Watoto wamejaa madirishani kama popo.

"Nimeambiwa hapa pana kopo lenye jina langu," akasema.

Bwana Athman akatoka darasani.

"Halina jina la mtu, ami," akasema. Huku kila mtu mzima ni ami yako. "Ni vifuniko vya soda."

"Mji mzima wasema Mwalimu Athman ana kopo la Omari, na ndani mna mabinti watupu. Nataka kuliona."

Mwalimu mkuu akataka kuingilia. Madam Cherono akamgusa mkono, akatikisa kichwa.

Wakaingia darasani. Bwana Omari akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani. Bwana Athman akaeleza upya, kwa sauti ya chini, kila kitu kama alivyoeleza jana. Akasukuma makopo mbele.

Bwana Omari akafumba macho, akatia mkono. Chekundu, chekundu.

"Binti," akasema Bwana Athman.

Akarudisha, akatikisa kopo mwenyewe, kwa nguvu. Chekundu, chekundu.

Akatikisa tena. Chekundu.

Akafungua macho akachungulia ndani ya kopo. "Hili mmelifanyia uganga."

Dirishani kicheko kikaponyoka. Hata yeye mdomo ulimcheza. Madam Cherono akasogea, akasema, "Hebu nami nijaribu, mzee." Akachukua: cheusi. Tena: cheusi. Akacheka peke yake. "Hili kopo linanijua. Nina wavulana watatu nyumbani, na nilitamani sana mmoja wa kusuka nywele. Mama mkwe ananisifu mimi kwa hao wavulana. Na mimi sikufanya lolote!"

Bwana Omari alimtazama, kisha akatia mkono mara nyingine. Safari hii kikatoka cheusi.

Akakishika mbele ya uso wake. Hakucheka.

"Na hiki nacho kingetoka kwangu?"

"Kwako, ami. Kupa ni kwa Mungu, lakini njia aliyoiweka inapita kwako."

"Na yeye?"

"Yeye hana cheusi. Hajawahi kuwa nacho."

Akakigeuzageuza kile kifuniko.

"Miaka yote hii," akasema Bwana Omari, na sauti yake haikuwa ile ya uwanjani, "kila akijifungua mimi humuuliza: tena?"

Bwana Athman akayasogeza makopo kando.

Akasimama, akaweka kile kifuniko mezani taratibu, akampa mkono Bwana Athman. Akamwambia mkaguzi, "Boti yako maji yameifikia. Leo bahari imelala, usiogope." Akaondoka.

Madam Cherono akampa Bwana Athman matokeo pale pale mlangoni. Amepita. Akamwambia, "Kwa karatasi zangu ulitoka nje ya somo. Nimeandika kwamba somo ndilo lililotoka nje likakufuata, na hukulikimbia."

Sasa mnaniuliza, kwani yule mke wa Kiunga? Sikuwa nimemaliza.

Ndoa haikufanyika. Lakini sitaki niwadanganye kwamba ni sayansi. Wengine wanasema Bwana Omari alirudi nyuma mwenyewe. Wengine wanasema binti wa Kiunga ndiye aliyekataa, kwa kuwa hakutaka kuishi mbali na mama yake. Nilimuuliza Bi Rukia. Akaniambia, "Kuoa ni haki yake. Kumsingizia mwanamke siyo haki yake. Hilo la pili limekwisha, la kwanza si kazi yako." Nikanywa kahawa yangu.

Ninachokijua kwa hakika ni hiki. Siku chache baadaye mama Somoe alikuja shuleni. Hakuwa amewahi kupita lango lile. Alinikuta navuna sukumawiki kwenye bustani ya shule. Alisimama kando, buibui limemfunika vizuri, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, Bi."

"Hata kidogo si mimi?"

"Hata kidogo."

Akavuta pumzi. Akasema, "Basi." Akageuka akaenda zake, na niliona anatembea bila kuharakisha.

Na mimi je? Nilirudia Mokowe, mwezi uliofuata, kwenye shule iliyo karibu na gati. Safari hii waya nilizisugua mwenyewe kwa msasa zikang'aa. Kila balbu ikawaka mara ya kwanza. Nikaangalia zile balbu zinavyowaka, nikapita meza hadi meza nikaziharibu makusudi. Huku nimelegeza waya, huku nimegeuza seli, huku nimepaka ncha chumvi. Nikawaambia watoto, "Zimekufa. Sijui kwa nini. Nitafutieni." Wakabishana mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikapita. Leseni ina mstari mpya. Swichi bado nabonyeza kwa kidole kimoja, lakini sigeukii mlango tena.

Nilichojifunza, wakuu: nilichukia sana kupimwa upya. Niliona ni dharau, mtu na digrii yake. Leo naona viwango vikibadilika, anayetakiwa kukosea kwanza ni mwalimu, tena hadharani, ili mtoto ajue kukosea hakuui. Na naona pia kwamba swali gumu haliji kwa mkaguzi. Linakuja na mtoto aliyelibeba kutoka nyumbani, na hachagui siku uliyojiandaa.

Haya, uwanja ni wenu. Walimu wa humu, ni mada gani ilikutoa jasho ulipoambiwa uifundishe? Na wazazi, mtoto wako amewahi kukuletea jibu kutoka shuleni ambalo hukulitaka? Msiogope, hapa hakuna mkaguzi.

Mimi naenda darasani. Gredi ya nane wameniuliza kwa nini samaki baharini hawafi wote radi ikipiga, na mpaka sasa hivi sijui.